BRILLIANA HARLEY: Mke wa mbunge aliyeilinda ngome kaunti ilipomgeuka

MNAMO Julai 26, 1643, wanajeshi wapatao 700 wa Mfalme Charles wa Kwanza waliizingira ngome ya Brampton Bryan, kaskazini magharibi mwa kaunti ya Herefordshire nchini Uingereza. Ndani yake hamkuwa na jenerali. Mwenye amri alikuwa Lady Brilliana Harley, mama wa umri wa miaka 45 hivi, ambaye afya yake ilikuwa imezorota kwa miaka mingi.

Wengi wa waliowaongoza au kuwaunga mkono wanajeshi hao hawakuwa wageni kwake. Walikuwa majirani, jamaa na marafiki wa zamani wa mumewe.

Brilliana alizaliwa karibu na mwaka wa 1598 katika mji wa Brill nchini Uholanzi, na jina lake lilitokana na mji huo. Wakati huo Brill ulikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na babake, Sir Edward Conway, alikuwa naibu wa gavana wake. Mwaka wa 1623 aliolewa na Sir Robert Harley, mwenye ngome ya Brampton Bryan, akawa mkewe wa tatu.

Harley alikuwa Mpuritani, mfuasi wa kundi la Waprotestanti lililotaka Kanisa la Uingereza litakaswe kwa kuondolewa sanamu, mapambo na ibada zilizofanana na za Kikatoliki. Herefordshire haikuwa na Wapuritani wengi. Ngome ya Harley ikawa kimbilio lao, na wahubiri waliokosana na maaskofu walipata hifadhi hapo. Hata hivyo, tofauti hizo hazikuvunja ujirani. Matajiri wa kaunti waliketi pamoja katika mahakama, walioana, na walipokezana viti vya Bunge bila kugombana sana.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1640. Mfalme, ambaye alikuwa ametawala miaka 11 bila Bunge, alilazimika kuliita ili apate fedha. Sir Robert alikwenda London kama mmoja wa wabunge wawili wa Herefordshire. Mwenzake, Fitzwilliam Coningsby, alifukuzwa bungeni mwaka wa 1641 kwa kushiriki katika ukiritimba wa biashara ya sabuni, na mwanawe Humphrey akachukua nafasi hiyo. Baba huyo alirejea nyumbani na kuwa miongoni mwa vinara wa upande wa mfalme.

Brilliana alibaki Brampton Bryan akisimamia mashamba, wafanyakazi na watoto. Habari zake nyingi zinajulikana kwa sababu alikuwa mwandishi hodari wa barua. Zaidi ya 300 zimehifadhiwa hadi leo, nyingi zikiwa za mwanawe wa kwanza, Edward, aliyekwenda kusoma Oxford mwaka wa 1638. Barua za mwanzo ni za mama yeyote mwenye mtoto aliye mbali. Alimuusia asali, avae vizuri na atunze afya yake, huku akimtumia pai za nyama.

Kuanzia mwaka wa 1642 barua hizo zilijaa hofu. Mwezi Juni alimweleza Edward jinsi watu wa Ludlow, mji wa jirani, walivyosimamisha mlingoti wa sherehe, wakaweka juu yake kitu mfano wa kichwa, kisha wakakilenga kwa risasi kuwakejeli wafuasi wa Bunge. Wapuritani walitukanwa njiani. Wapangaji wa mashamba walianza kukataa kulipa kodi, na mali yake iliibwa.

Agosti 1642 mfalme alipandisha bendera ya vita mjini Nottingham. Katika Herefordshire matajiri wengi walimfuata, nayo familia ya Harley ikabaki karibu peke yake. Brilliana alitaka kuondoka na watoto wake, lakini Sir Robert, akiwa salama London, aliona ni heri abaki. Pengine aliamini kwamba waungwana wa kaunti wasingethubutu kumshambulia mwanamke. Hukumu hiyo ilimgharimu mkewe sana.

Msaada wa Bunge ulikuja na kutoweka. Earl wa Stamford aliushika mji wa Hereford mwishoni mwa 1642, akaondoka kabla mwaka haujaisha. Aprili 1643 Sir William Waller aliuteka mji huo na kuwakamata vigogo kadhaa wa mfalme, lakini naye hakukaa. Kila majeshi ya Bunge yalipoondoka, hasira ya kaunti iliiangukia Brampton Bryan. Barua nazo hazikuwa salama tena. Brilliana alifikia hatua ya kuandika kwa njia ya siri, ambapo msomaji alihitaji kuweka juu ya barua karatasi iliyotobolewa ili aone maneno yaliyokusudiwa.

Sir William Vavasour, kamanda wa jeshi la mfalme, na Henry Lingen, aliyekuwa sherifu wa kaunti, walipofika Julai 1643 walimtaka asalimu amri. Jibu lake lilikuwa la mwanasheria. Alidai kwamba mfalme aliapa kulinda sheria za nchi, na sheria iliruhusu kila raia kumiliki nyumba yake kwa amani. Zaidi ya hayo, nyumba ilikuwa ya mumewe, na mke hawezi kutoa mali ya mumewe bila idhini yake. Wanaume waliohubiri kila siku kwamba mke amtii mume walishindwa kulipinga hilo. Utii ambao ungemfunga mikono ndio alioufanya ngao.

Lakini mizinga haisikilizi hoja. Kwa wiki saba hivi ngome ilipigwa mabomu. Paa liliharibika, mpishi aliuawa kwa risasi, na kijiji, vinu na kanisa viliteketezwa au kubomolewa. Watoto wake wadogo walikuwa ndani pamoja na daktari wa familia, Nathaniel Wright, na walinzi wachache. Jambo la ajabu ni kwamba mwaka huo huo Sir Robert aliongoza kamati ya Bunge iliyobomoa sanamu na kuvunja vioo vya rangi katika makanisa ya London. Kanisa la kijijini kwake lilivunjwa na maadui zake.

Mfalme mwenyewe alituma barua ya kuahidi msamaha. Mjumbe, Sir John Scudamore, aliingizwa ngomeni kwa ngazi ya kamba. Brilliana hakukataa kabisa wala hakukubali. Alijibu kwa adabu, akaomba muda, akaandika ombi kwa mfalme, na siku zikapita. Alichokuwa akingoja kilitimia mwanzoni mwa Septemba, wakati majeshi ya mfalme yalipohitajika Gloucester, mji uliokuwa umezingirwa huku jeshi la Bunge likienda kuuokoa. Wazingiraji waliondoka.

Mara tu walipotoweka, aliwaamuru wapangaji kusawazisha mahandaki yaliyoachwa. Kisha alituma watu wake kushambulia kambi ya adui huko Knighton, nao wakarudi na mateka, silaha na farasi. Yule aliyejitetea kama raia mtulivu sasa alikuwa akipigana kikamilifu.

Ushindi huo haukudumu. Oktoba alipatwa na mafua makali, na mwishoni mwa mwezi huo alifariki, mumewe na Edward wakiwa mbali.

Dkt Wright alichukua uongozi wa ngome. Machi 1644 ngome jirani ya Hopton ilianguka, na wengi wa walioilinda wakauawa baada ya kusalimu amri. Mwezi uliofuata Sir Michael Woodhouse, aliyeongoza mashambulizi ya Hopton, aliigeukia Brampton Bryan. Safari hii kuta hazikustahimili. Ngome ilitekwa na kuharibiwa, na watoto watatu wa Brilliana waliokuwamo wakachukuliwa mateka.

Bunge lilishinda vita, lakini familia hiyo haikuonja matunda yake kwa muda mrefu. Desemba 1648, Sir Robert na Edward walipounga mkono maafikiano na mfalme, jeshi la Bunge lile lile waliloligharamia kwa damu na mali liliwakamata na kuwafungia nje ya ukumbi. Mfalme alikatwa kichwa Januari 1649 bila kura yao.

Sir Robert hakuijenga upya ngome. Alijenga kanisa la kijiji, ambalo lilikamilika mwaka wa 1656, mwaka aliofariki. Mjukuu wake na Brilliana, aliyeitwa pia Robert Harley, alikuja kuwa waziri mkuu wa Malkia Anne. Barua za bibi huyo zilichapishwa mwaka wa 1854, na magofu ya ngome yake bado yamesimama karibu na mpaka wa Wales.