Friedrich Fröbel, mzee wa mipira ya sufu aliyeanzisha chekechea

Mwaka 1849, wageni waliofika katika mji mdogo wa Bad Liebenstein, Ujerumani, kuoga maji ya chemchemi kwa ajili ya afya zao, walikutana na jambo la kuchekesha. Mzee mrefu, mwembamba, mwenye nywele ndefu za mvi, alikuwa akipanda kilima na kundi la watoto wa kijijini, wengi wao peku. Wakifika juu walishikana mikono, wakafanya duara, na mzee naye akaruka na kuimba pamoja nao. Wenyeji waliwaambia wageni wasijali, huyo ni mzee asiye na akili timamu.

Mzee huyo alikuwa na miaka 67 na aliitwa Friedrich Fröbel. Kama una mtoto aliyewahi kwenda chekechea, nasari au vidudu, vyovyote wanavyoiita kwenu, basi umekula matunda ya mti alioupanda yeye.

Tunawaletea maisha yake kwa sababu moja. Wazazi wengi wa vijijini wana mtoto wa miaka mitatu au minne, chekechea iko mbali au fedha ya ada haipo, na wanaona mtoto anakaa tu nyumbani akicheza, miaka inapotea. Fröbel angewaambia watazame vizuri zaidi anachokicheza.

Mtoto asiye na mama

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima ya Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye kazi nyingi, anayehudumia vijiji kadhaa. Mama yake alifariki Friedrich akiwa na umri wa miezi tisa tu. Baba alioa tena, na mama wa kambo, baada ya kupata mtoto wake mwenyewe, hakuwa na nafasi tena kwa huyu wa kwanza.

Basi mtoto akakulia peke yake kwenye bustani ya nyumba ya mchungaji. Alikuwa akiangalia mimea, mawe na wadudu. Ukubwani alisimulia jinsi alivyowatazama mafundi wakitengeneza kanisa la jirani, akatamani naye ajenge. Alikusanya vitu vya ndani ya nyumba, akajaribu kuvipanga viwe kanisa, vikaanguka kwa kuwa vilikuwa vizito na havilingani. Kumbukeni kisa hicho, kwa maana tutakutana nacho tena.

Alipofika umri wa miaka kumi hivi, mjomba wake alimhurumia akamchukua akae naye katika mji wa Stadtilm. Huko ndiko alikocheza na watoto wenzake kwa raha kwa mara ya kwanza.

Ujana wake haukuwa na mwelekeo. Alipelekwa kujifunza kazi ya msitu, akaiacha. Alikwenda chuo kikuu cha Jena, akashindwa kulipa deni, akafungwa wiki tisa katika gereza la chuo. Alipima ardhi, akawa karani, na mwaka 1805 alikwenda Frankfurt akitaka kuwa mchoraji wa majengo. Huko mkuu wa shule mmoja alimshawishi ajaribu kufundisha. Aliingia darasani akajiona kama samaki aliyerudishwa majini.

Mwaka huohuo alisafiri hadi Uswisi kumwona Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu aliyesifika Ulaya nzima kwa kufundisha kwa vitu badala ya kukaririsha maneno. Baadaye alikaa huko karibu miaka miwili. Alijifunza mengi, lakini swali moja lilimbakia: mtoto ambaye bado hajafika shule, nani anamfundisha?

Shule ya watoto watano

Vita vya kupigana na Napoleon vilimchukua mwaka 1813, naye akajiunga na jeshi la kujitolea. Faida aliyoipata vitani ilikuwa marafiki wawili, Wilhelm Middendorff na Heinrich Langethal, walioshikamana naye kwa miaka mingi. Mwaka huohuo kaka yake Christoph, ambaye naye alikuwa mchungaji, alifariki kwa homa kali aliyoambukizwa alipokuwa akiwauguza askari, akaacha yatima watatu.

Kwa ajili yao Fröbel aliacha kazi nzuri aliyokuwa nayo Berlin, ya kupanga mawe ya madini katika makumbusho. Mwaka 1816 alifungua shule yenye wanafunzi watano, wote wana wa kaka zake. Mwaka uliofuata alihamia kijiji cha Keilhau. Mke wake, Wilhelmine, aliyemwoa mwaka 1818, aliacha maisha ya starehe Berlin akaja kuishi naye katika shida. Hawakujaliwa kupata mtoto.

Shule ilikua hadi wanafunzi karibu 60. Kisha maneno yakaanza kwamba pale wanafundishwa siasa za uasi. Wakaguzi wa serikali walikuja, wakaisifu, lakini wazazi walikuwa wameshaingiwa na hofu. Mwaka 1829 walibaki wanafunzi watano tu, idadi ileile aliyoanza nayo. Kusema kweli, Fröbel hakujua kutunza fedha, na madeni yalimfuata karibu maisha yake yote.

Aliondoka kwenda Uswisi, ambako mwishowe alisimamia nyumba ya yatima mjini Burgdorf. Hapo ndipo mawazo yake yalipotua kwa watoto wadogo kabisa.

Mpira, mbao na kamba

Aliporudi Ujerumani alikaa Bad Blankenburg, na mwaka 1837, akiwa na miaka 55, alianzisha mahali pa kushughulikia watoto wadogo na kutengeneza vifaa vyao. Vifaa hivyo aliviita zawadi. Tukae hapa kidogo, maana huu ndio moyo wa kazi yake, na mzazi yeyote anaweza kuviiga.

Zawadi ya kwanza ilikuwa ya mtoto mchanga: mipira sita midogo ya sufu, kila mmoja na rangi yake, yenye uzi wa kuning'inizia. Mama anashika uzi, anaupeleka mpira huku na kule, juu na chini, anauficha na kuufichua, huku akiimba anachokifanya. Mtoto anajifunza rangi, anajifunza kufuata kitu kwa macho, na anajifunza kwamba kitu kikiondoka kinaweza kurudi. Sisi hatuhitaji sufu. Vipande vya kanga na vitenge vilivyochakaa, vikifungwa kwa uzi imara, vinatosha. Ila usimwachie mtoto uzi mrefu akiwa peke yake, unaweza kumzunguka shingoni.

Zawadi ya pili ni vitu vitatu vya mbao: mpira, dadu kubwa, na kipande cha mviringo kama kopo. Hapa kuna mchezo ambao hata mtu mzima hushangaa. Funga uzi katikati ya upande mmoja wa dadu, lizungushe kwa kasi, nawe utaona umbo la kopo. Funga uzi ubavuni mwa kopo, lizungushe, nawe utaona mpira. Jaribuni jioni hii. Mtoto wa miaka mitano atataka mrudie mara ishirini.

Zawadi ya tatu ni dadu moja lililokatwa vipande vinane vilivyo sawa. Sasa rudini kwa yule mtoto aliyeshindwa kujenga kanisa kwa vitu visivyolingana. Alipozeeka aliwapa watoto wa wengine kile alichokikosa yeye: vipande vyepesi, vinavyolingana, vinavyokaa vikapangika. Kwa vipande vinane mtoto anajenga kitanda, ngazi, kisima, mnara. Akivigawa mara mbili anapata vinne na vinne, akivigawa tena anapata viwili viwili, na hesabu imeingia bila kuitwa hesabu. Seremala wa kijijini hutupa vipande vya aina hii kila siku. Muombe akukatie vinane vya kipimo kimoja, uvisugue kwa msasa ili visichome vidole.

Fröbel alitaka mtoto atumie vipande vyote kila anapojenga, na asibomoe jengo, bali alibadilishe hatua kwa hatua liwe jengo jingine. Sisi tunaona hapo alizidisha. Kuangusha mnara ni nusu ya raha.

Baada ya zawadi zilifuata kazi za mikono: kufinyanga udongo, kukunja karatasi, kutunga shanga, kuchora, kusuka vipande vya karatasi vya rangi. Kwenye kusuka, bibi zetu wanaosuka mikeka na makawa ya ukindu wangeweza kumfundisha yeye. Kulikuwa pia na kazi ya vijiti na mbaazi. Unaloweka mbaazi kavu usiku kucha, unachonga vijiti vyembamba, kisha mtoto anachomeka vijiti kwenye mbaazi na kuunganisha pembetatu, nyumba, kiti. Zikikauka zinashika kama gundi. Kazi hii ni ya mtoto wa miaka mitano kwenda juu, na mtu mzima awepo, kwa sababu punje ndogo huingia puani na kooni kwa urahisi.

Jina lapatikana njiani

Kwa muda mrefu hakujua aiteje kazi yake. Neno shule hakulitaka, kwa kuwa watoto hawakuwa wakikalishwa kwenye madawati. Siku moja alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Keilhau kwenda Blankenburg pamoja na Middendorff na mwenzao mwingine, Barop, huku akilalamika njia nzima kwamba jina halipatikani. Walipofika juu ya mlima na bonde likafunguka chini yao, alisimama ghafla kama aliyepigwa msumari, kisha akapaza sauti kwamba amelipata: kindergarten, yaani bustani ya watoto.

Tarehe 28 Juni 1840 jina hilo lilitangazwa rasmi. Nalo halikuwa fumbo tu. Palikuwa na bustani ya kweli, kila mtoto na kitalu chake kidogo, na kuzunguka vitalu hivyo palikuwa na eneo la wote. Mtoto alipanda maua na mboga, akamwagilia, akasubiri. Kwetu mchicha unafaa kwa kazi hii, kwa kuwa huota ndani ya siku chache, kabla subira ya mtoto haijakwisha.

Miaka ya mwisho ilimletea faraja. Mama mmoja wa ukoo wa kitajiri, Bertha von Marenholtz-Bülow, alikuja Bad Liebenstein mwaka ule wa 1849, akamfuata yule mzee aliyechekwa, akauliza, akaelewa, na tangu siku hiyo akawa msemaji wake kwa wakubwa. Mtawala wa Meiningen alimpa jumba la Marienthal, akafundishia humo wasichana waliotaka kuwa walimu wa watoto wadogo.

Tarehe 4 Agosti 1850 aliandaa sherehe kubwa ya michezo kwenye uwanja wa kasri la Altenstein. Zaidi ya watoto 300 wa vijiji vya jirani walifika kwa maandamano, wakiimba, wazazi wakiwa pembeni. Burudani ilikuwa michezo ya duara. Mmoja wa michezo aliyoipenda ni ule wa banda la njiwa: watoto wanashikana mikono kuwa banda, wachache wanakaa ndani kuwa njiwa, banda linafunguka, njiwa wanaruka nje, kisha wanarudi na kusimulia walikokwenda na walichokiona. Anayepanga kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mtoto na hana fedha za keki na maputo aanze na huo. Watoto kumi na uwanja uliofagiliwa vinatosha, na yule mtoto mwenye haya, ambaye kwa kawaida hasemi, mara nyingi husema akiwa njiwa.

Marufuku

Mwaka mmoja na siku tatu baada ya sherehe hiyo, tarehe 7 Agosti 1851, serikali ya Prussia, dola kubwa kuliko nyingine za Ujerumani ya kaskazini, ilipiga marufuku bustani zote za watoto. Ilidai kwamba zinawafundisha watoto ujamaa na kumkana Mungu. Mtu aliyeimba na watoto kuhusu Muumba kila asubuhi aliambiwa hivyo. Mpwa wake, Karl Fröbel, alikuwa ameandika kijitabu chenye mawazo ya kisiasa kuhusu elimu ya wanawake na bustani za watoto, na wakubwa wakawachanganya wawili hao. Fröbel alieleza kosa hilo, akamwandikia hata mfalme. Marufuku haikuondolewa.

Marienthal haikuwa chini ya Prussia, kwa hiyo pale kazi iliendelea. Lakini pigo lilimchosha. Wilhelmine alikuwa amefariki mwaka 1839, na katika mwaka huo wa marufuku alimwoa Luise Levin, mmoja wa wanafunzi wake. Aprili 1852 alitimiza miaka 70, na watoto wakamwimbia na kumpamba kwa maua. Wiki chache baadaye alihudhuria mkutano wa walimu mjini Gotha, na alipoingia ukumbi mzima ulisimama. Alifariki Marienthal tarehe 21 Juni 1852.

Marufuku iliondolewa mwaka 1860, lakini kufikia hapo bustani zilikuwa zimeshavuka mipaka. Margarethe Schurz, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa amefungua moja nyumbani kwake mjini Watertown, Wisconsin, mwaka 1856. Mama mwingine huko alimnunulia mwanawe vipande vya mbao vya Fröbel baada ya kuviona kwenye maonyesho ya mwaka 1876. Mtoto huyo, Frank Lloyd Wright, alikuja kuwa mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri kuliko wote, na hadi uzeeni alisema vidole vyake havikusahau mbao zile.

Fröbel alizikwa Schweina, karibu na Marienthal. Juu ya kaburi lake marafiki walisimamisha mawe matatu yaliyopandana: chini dadu, katikati umbo la kopo, na juu kabisa mpira.