Ibn Majid: Mwalimu wa Bahari Aliyetwikwa Mzigo wa Mwenziwe

Mimi ni mtu wa kutazama mbingu, na nyumbani wamekwisha nizoea. Alfajiri nikitoka msikitini, hata kabla ya chai, hupanda darini nikaangalia mawingu yamekaa upande gani na upepo watoka wapi. Nikisikia mwezi utapatwa, huamsha nyumba nzima. Na redio ikitangaza tufani kule Bara Hindi au zilizala kule Uajemi, husahau hata tonge lililo mkononi. Watoto hunicheka wakasema kwamba habari za jirani sizijui, lakini habari za Zuhura nazijua zote.

Kwa hivyo sitalaumiwa nikisema kwamba katika watu mashuhuri waliotangulia mbele ya haki, nimpendaye zaidi si mfalme wala jemadari. Ni baharia, na jina lake ni Shihabuddin Ahmad bin Majid. Leo nataka kusimulia maisha yake kwa ufupi, na pia kuitazama tuhuma moja iliyomwandama kwa zaidi ya miaka mia nne, tuhuma ambayo sisi watu wa pwani tumekuwa tukiirudia bila ya kuipima.

Ibn Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, bandari ya Ghuba iliyokuwa karibu na ulipo leo mji wa Ras al-Khaimah. Alizaliwa katika nyumba ya bahari. Babu yake alikuwa mwongozaji wa vyombo, na baba yake vile vile. Baba huyo aliijua mno Bahari ya Sham pamoja na miamba yake mingi, akatunga utenzi mrefu wa kueleza njia zake. Lakini mwana hakuyachukua ya baba kama yalivyo. Aliyapima tena kwa macho yake mwenyewe, akaongeza palipopungua na kusahihisha palipokosewa. Hapo ndipo ninapoanza kumpenda, kwani mtu mwenye elimu ya kweli humheshimu mzee wake, na bado huenda akahakikisha.

Mabaharia wa Kiarabu humwita mwongozaji wa chombo muallim, neno lile lile tulilolipokea sisi tukasema mwalimu. Nahodha alikuwa mkubwa wa chombo, lakini njia ilikuwa ya mwalimu. Yeye ndiye aliyejua usiku wa manane, pasipo nchi kuonekana, kwamba chombo kimefika wapi.

Alijuaje? Alijua kwa nyota. Chombo chake cha kupimia kilikuwa kitu duni kwa kukitazama: kibao kidogo kilichotobolewa katikati, na uzi wenye mafundo. Baharia huuma uzi kwa meno, akakisogeza kibao mbele ya jicho mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na ukingo wa juu uiguse nyota. Baadaye kibao hiki kilijulikana kwa jina la kamal, na msomaji asije akadhani ni ile kamali ya karata, ingawa asiyejua kukitumia alikuwa akicheza kamali kweli na roho za watu. Kipimo chenyewe kiliitwa isbaa, yaani kidole, nacho ni kiasi cha digrii moja na nusu na zaidi kidogo.

Nyota iliyopimwa zaidi ni ile ya Jaa, iliyo upande wa kaskazini. Kila chombo kiendapo kusini, Jaa hushuka, mpaka hapa kwetu Mombasa haionekani kabisa. Ikipotea Jaa, Ibn Majid aliwafundisha watu kupima Farqad mbili zinazoizunguka, na hizo zikishuka mno, wapime nyota za Nash. Tena alijua jambo ambalo wengi hawalijui hata leo, kwamba Jaa haikai hasa kwenye ncha ya mbingu. Wakati wake ilikuwa mbali na ncha hiyo kwa zaidi ya digrii tatu, kwa hivyo yeye huizunguka ncha kama nyota nyingine. Akaeleza ni kiasi gani cha kuongeza au kupunguza katika kipimo, kwa kufuata manzili 28 za mwezi.

Dira yake iligawanywa nyumba 32, na nyumba hizo zilipewa majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua. Imo Suheli, imo Akrabu, imo Thuraya ambayo sisi twaiita kilimia. Pahali nyota ichomozapo waliita matlai, nasi hata leo upepo wa mashariki twauita matlai. Mwendo wa chombo waliuhesabu kwa zamu za saa tatu tatu.

Lakini kilichonifunga mimi kwake hasa ni elimu yake ya pepo. Sayansi ya leo yatueleza kwamba wakati wa joto nchi kubwa ya Asia hupata moto, hewa yake ikapanda juu, na hewa ya baharini ikavutwa kujaza pahala pake. Huo ndio kusi. Wakati wa baridi mambo hugeuka, hewa nzito ikateremka kutoka barani kuja baharini, nao ndio kaskazi. Ibn Majid hakuwa na vyombo vya kupimia joto wala uzito wa hewa. Alikuwa na tarehe. Alijua siku ya kung'oa nanga katika kila bandari, akazihesabu siku hizo kutoka Nairuzi, kama wazee wetu walivyohesabu miongo yao ya siku kumi kumi kutoka Siku ya Mwaka. Mwaka wa mwezi hautoshi kwa kazi hii, kwa kuwa Ramadhani huzunguka misimu yote, lakini kusi haizunguki. Hata neno kusi lenyewe tunalishirikiana na mabaharia hao, maana wao husema kaus.

Alifundisha kwamba mwenye kwenda Bara Hindi kutoka pwani hii ana milango miwili: mwanzo wa kusi kabla haijapata nguvu, au mwisho wake inapolegea. Katikati, miezi ya Juni na Julai, bahari ya upande ule hufungwa, mawimbi yakawa kama milima, na hakuna bandari itakayompokea mtu. Alifundisha pia kuzisoma ishara: ndege gani huonekana karibu na nchi ipi, rangi ya maji, majani yanayoelea, na wale nyoka wa baharini wanaomjulisha baharia kwamba nchi ya Hindi i karibu. Na alimtaka mwalimu awe mtu wa subira na tahadhari, akikague chombo kabla ya safari, apunguze usingizi, na awe tahiri awapo baharini, kwa kuwa yuko mikononi mwa Mola wake.

Haya yote aliyaandika, na mengi aliyatia katika mashairi ili mabaharia wapate kuyahifadhi kwa moyo. Mwaka 1462 alimaliza utenzi mkubwa juu ya misingi ya elimu ya bahari. Alitunga mwingine wa kuonyesha Kibla katika pande zote za dunia, kwani msafiri aliye kati ya maji naye ana swala tano. Kitabu chake mashuhuri, Kitab al-Fawaid, kilikamilika mwaka 895 wa Hijria, sawa na 1490. Kina milango 12, na kila mlango aliuita faida. Katika visiwa kumi vikubwa alivyovitaja, Unguja imo, na Bukini pia imo. Utenzi mwingine ulieleza njia ya pwani yetu hii mpaka Sofala, katika nchi ya Msumbiji ya leo. Kazi yake ya mwisho yenye tarehe ni ya mwaka 1500.

Thamani ya elimu hiyo ilionekana kwa wengine kwa njia ya msiba. Mwaka 1554 amiri wa Kituruki, Sidi Ali, aliondoka Basra na merikebu 15, akapigana na Wareno, kisha akakumbwa na tufani ya kusi katika pwani ya Uarabuni. Upepo ukamchukua siku nyingi asijue mchana na usiku, ukamtupa Gujarat na merikebu zilizovunjika. Huko Ahmadabad, akingoja njia ya kurudi kwao, alikaa akaandika kitabu juu ya bahari hii ya Hindi, na sehemu kubwa aliitoa katika vitabu vya Ibn Majid na vya Sulaiman al-Mahri. Akamsifu Ibn Majid kwa ukweli na uaminifu. Mtu aliyetoka katika tufani hamsifu mwalimu wa bahari kwa adabu tu.

Sasa nije kwenye tuhuma. Wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni kwamba Ibn Majid ndiye aliyemchukua Vasco da Gama kutoka Malindi mpaka Calicut mwaka 1498, na kwa hivyo ndiye aliyewafungulia Wareno mlango. Na sisi twajua yaliyofuata: Mombasa ikatiwa moto mwaka 1505, na mwaka huo huo Kilwa ikatekwa. Si neno dogo kumtwika Muislamu mmoja mzigo kama huo.

Habari hii yatoka wapi? Katika karne ya 16 mwanachuoni wa Makka aitwaye Qutbuddin al-Nahrawali aliandika historia ya Yemen. Humo akadai kwamba baharia stadi aitwaye Ahmad bin Majid alifanywa rafiki na mkuu wa Wareno, akanyweshwa mpaka akalewa, na katika ulevi wake akawaonyesha njia. Al-Nahrawali alizaliwa mwaka 1511, miaka 13 baada ya safari yenyewe, na kitabu hicho alikiandika yapata miaka 70 na zaidi baada yake. Hakuwapo, wala hakuwa baharia. Habari ikalala mpaka Mfaransa Gabriel Ferrand, alipokuwa akichapisha vitabu vya Ibn Majid katika miaka ya 1920, akaiunganisha na safari ya Malindi. Tangu hapo ikaingia katika vitabu vya shule.

Lakini Wareno wenyewe, waliokuwa na kila sababu ya kujua, hawamtaji. Kitabu cha siku cha safari ile chasema kwamba mfalme wa Malindi aliwapa mwongozaji Mkristo, na twajua kwamba Wareno hao waliwadhania Mabaniani kuwa ni Wakristo. Waandishi wao Castanheda na Barros, waliochapisha vitabu vyao mwaka 1551 na 1552, wanasema alikuwa mtu wa Gujarat, wakamwita Malemo Canaqua au Malemo Cana. Malemo ni muallim tu, yaani mwalimu, cheo na si jina. Ibn Majid hakuwa mtu wa Gujarat. Alikuwa Mwarabu wa Julfar, na wakati ule alikuwa mzee, kwani miaka 36 ilikuwa imepita tangu amalize ule utenzi wake mkubwa. Ndiyo maana wanazuoni kama Tibbetts wa Uingereza, aliyekifasiri Kitab al-Fawaid mwaka 1971, na Ibrahim Khoury wa Sham, hawakukubali kwamba ndiye.

Na mimi, mpenda pepo, nina langu la kuongeza. Njia ya Malindi na Hindi haikuwa siri ya mtu mmoja. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi alikuta humo vyombo vinne vya Hindi. Kila mwaka vilikuja na kaskazi, vikarudi na kusi, na kila kimoja kilikuwa na mwalimu wake. Siri, kama ipo, ilikuwa ni tarehe. Wareno waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi inaanza, wakiwa na mwalimu, na baada ya siku 20 na ushei wakaiona nchi ya Hindi. Waliporudi waliondoka mapema Oktoba, kaskazi haijasimama, na bila ya kungoja. Bahari ikawazungusha miezi mitatu, watu wao wakafa wengi kwa maradhi ya fizi, na Malindi hawakuiona mpaka Januari 1499. Upepo haukumwogopa mtu mwenye mizinga.

Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Naona Ibn Majid amesafirishwa kwa nyota ya mwenziwe baada ya kufa kwake. Hakujua kwamba miaka yote aliyokesha akipima Jaa na Farqad ingefunikwa na usiku mmoja wa ulevi ulioandikwa na mtu asiyemwona. Wanamaji ndio waliomhifadhi. Mwaka 1854 msafiri wa Kiingereza, Richard Burton, alipotoka Aden kwenda Zeila, aliwakuta mabaharia wakimsomea Fatiha Sheikh Majid, wakiamini kwamba ndiye aliyeileta dira. Huenda hawakuvijua vitabu vyake, lakini walijua wana deni kwake.

Mimi sina chombo, na safari yangu ya mbali kabisa ni kutoka chini mpaka darini. Lakini katika miezi ya kaskazi, baada ya Isha, Suheli inapong'aa upande wa kusini juu ya bahari, humwonyesha mjukuu wangu nikamwambia jina lake, kisha nikamtajia mzee wa Julfar aliyeipima kwa kibao na uzi. Halafu huinua mikono nikamsomea Fatiha kama walivyofanya wale wa Aden. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atusamehe sisi tuliyeyachukua maneno juu yake bila ya kuyapima.