Kivoi Mwendwa: Kiongozi wa Msafara Ambaye Hakurudi

Abiria apandaye basi Kyumbi, njiapanda ya Machakos, hufika Mombasa siku iyo hiyo. Katika karne ya 19 Wakamba waliiendea pwani kwa miguu, wakiwa na pembe za ndovu, na miongoni mwa viongozi wa misafara hiyo Kivoi Mwendwa wa Kitui alivuma sana. Ndiye aliyempokea Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849.

Mwaka 1851 wawili hao walifuatana kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa, naye Krapf akapotea nyikani peke yake, akibeba maji ndani ya mitutu ya bunduki. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kutokufa pamoja na rafiki yake. Alitoroka usiku, hatimaye akafika Rabai na kuyaandika yaliyompata.

Kivoi hakuacha maandishi. Habari zilizoandikwa za mwisho wake zilitoka kwa mgeni yuleyule ambaye jamaa zake walimtaka ajibu kwa nini mwenyeji hakurudi.