Bertha Benz: Mathe Aliyefufua Gari kwa Pini ya Kofia Katikati ya Safari

Msee, hii lazima imekupata ama itakupata. Umeweka turbo kubwa, umebadilisha pampu ya mafuta, fundi amekuchomelea ekzosi ya kuamsha mtaa mzima. Asubuhi unapiga stata, injini inazunguka lakini haishiki. Mbogi inaanza kutoa maoni. Mmoja anasema ni plagi, mwingine anaapa ni pampu, wa tatu ashakutumia bei ya betri mpya kwa simu.

Kabla utoe doo, kuna mathe mmoja Mjerumani lazima umjue. Alifariki 1944, lakini shida kama hiyo yako aliimaliza barabarani 1888. Hakukuwa na karakana ya magari popote duniani wala fundi wa kupigiwa simu.

Anaitwa Bertha Benz. Ndiyo, Benz ile ya Mercedes-Benz, hilo jina lililofanya matajiri wetu huku waitwe wabenzi.

Doo ilitoka kwake

Alizaliwa Bertha Ringer tarehe 3 Mei 1849, mjini Pforzheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Budake alikuwa seremala na mjenzi aliyejipanga kimaisha. Bertha akampenda Carl Benz, injinia mwenye akili nyingi na mfuko mtupu.

Carl alikuwa na karakana huko Mannheim, lakini mshirika wake alikuwa anaizamisha. Sasa, kwao siku hizo mahari ilitoka kwa wazazi wa msichana. Bertha akaomba yake mapema, hata kabla ya harusi, na 1871 hizo pesa zikamtoa huyo mshirika njiani. Walioana Julai 1872.

Hapo kuna kitu chungu. Akiwa hajaolewa, angeweza kuweka pesa zake mahali anapotaka. Akishaolewa, sheria ilimnyima hiyo nguvu. Ndiyo maana hataza ya gari lao, ya tarehe 29 Januari 1886, ina jina la Carl peke yake.

Lakini usidhani alikaa jikoni akingoja habari. Usiku wa kuamkia mwaka wa 1880, biashara ikiwa imelemewa na madeni, yeye ndiye alimsukuma Carl warudi karakana wajaribu tena injini iliyokuwa imegoma. Usiku huo ikawaka. Miaka na miaka alikuwa pale kando ya mashine, akiona kila kitu kinavyofungwa na kufunguliwa. Hiyo shule ndiyo ilimwokoa baadaye.

Ndai bila wateja

Gari lenyewe lilikuwa na magurudumu matatu na injini ya silinda moja. Stata haikuwepo. Kuliwasha, unazungusha kwa mkono gurudumu zito lililolala nyuma ya gari. Cheche ilitoka kwa betri na koili, ikaruka kwenye plagi. Ukifikiria, mpango ni uleule wa ndai yako: mafuta, hewa, cheche kwa wakati wake.

Shida ilikuwa soko. Watu waliliona kama kichekesho, na Carl alikuwa mtu wa kurekebisha bila kuisha. Kuuza hakukuwa kwa damu yake. Mali ya Bertha yote ilikuwa ndani ya hicho chuma. Kikifa, familia inakwenda nacho.

Kwa hivyo Agosti 1888, mapema asubuhi, Carl akiwa amelala, Bertha aliamsha vijana wake wawili, Eugen na Richard. Wakasukuma gari taratibu mpaka mbali na nyumba ndipo wakaliwasha. Safari ilikuwa ya kwenda kwa mamake, Pforzheim. Ukihesabu na mizunguko, zaidi ya kilomita 100. Hakuna mtu alikuwa ameendesha gari umbali huo.

Mafuta ama stima?

Petroli iliwaishia mapema. Petroli stesheni hazikuwepo, kwa hivyo Bertha alisimama kwa duka la dawa mjini Wiesloch. Alinunua ligroini, kimiminiko cha kuondoa madoa ambacho injini yao ilikuwa inakunywa. Hiyo famasi ndiyo inajulikana leo kama petroli stesheni ya kwanza duniani.

Kisha gari likagoma, mrija wa mafuta umeziba. Bertha akachomoa pini ndefu ya kofia yake, akazibua, injini ikashika. Baadaye shida ikaja upande wa stima: waya ulikuwa umechubuka. Akavua ukanda wa kushikilia soksi, akaukinga nao ule waya, wakaendelea.

Angalia vizuri alichofanya. Hakubadilisha kitu hata kimoja kwa kubahatisha. Kwanza alijua ni upande gani umekufa, mafuta ama stima, ndipo akagusa.

Hiyo akili bado inafanya kazi. Kama injini haizungukii kabisa, anza na betri, vichwa vya betri na waya wa athi. Kama inazunguka lakini haishiki, fungua swichi bila kupiga stata, sikiza kama pampu inavuma sekunde mbili hivi nyuma. Kimya? Cheki fyuzi na rilei kabla ulaumu pampu. Inavuma? Piga stata kidogo, kisha toa plagi uiangalie. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, kwa hivyo tafuta cheche: koili, waya, sensa. Ikiwa imekauka kabisa, fuata mafuta: filta, presha, injekta.

Na kwa gari ya kuongezewa vitu, anza mahali mkono wa mwisho ulipita. Pampu kubwa ikiwekwa kwa waya nyembamba ya zamani, stima haifiki ya kutosha. Alamu iliyofungwa kwa kukata waya za swichi nayo imeacha wengi kando ya barabara.

Alirudi na ripoti

Safari yenyewe haikuwa rahisi. Maji ya kupoza injini yalikuwa yanaisha, ikabidi wachote njiani. Mlimani vijana walishuka wakasukuma. Mteremkoni breki za mbao zikaisha, Bertha akamwambia fundi viatu azipigilie ngozi juu. Jioni walifika, akamtumia Carl telegramu.

Siku chache baadaye aliendesha kurudi Mannheim, na shida zote zilizojitokeza njiani zikawekwa mezani. Carl akaongeza gia ya kupandia milima. Habari zilikuwa zimesambaa. Wale waliocheka sasa walikuwa wameona mwanamke na watoto wawili wakifika mbali bila farasi. Kufikia mwisho wa karne hiyo, kampuni yao ilikuwa kubwa kuliko zote duniani kwa kutengeneza magari.

Carl aliaga 1929, miaka mitatu baada ya kampuni kuungana na ya Daimler. Bertha alibaki Ladenburg. Tarehe 3 Mei 1944, akitimiza miaka 95, chuo cha ufundi cha Karlsruhe, pale Carl alisomea, kilimpa heshima ya useneta. Siku mbili baadaye akafariki.

Tangu 2008, barabara aliyopita ina vibao vyenye jina lake. Na kule Marekani, jumba la heshima la watu wa magari lilimwingiza Carl mwaka wa 1984. Bertha, ambaye pesa zake zilianzisha yote na pini yake ikafikisha gari nyumbani, aliingizwa 2016.