Krapf na mahali pa kitenzi

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani, katika nyumba ya mkulima. Mwaka 1837 alifika Ethiopia akiwa mmisionari. Huko alijifunza Kiamhari na Kioromo, lugha ambazo kitenzi hukaa mwishoni: kwanza mtenda, kisha mtendwa, ndipo tendo lenyewe. Mwaka 1842 alifungiwa njia ya kurudi Shoa, akatafuta mlango mwingine kusini.

Mlango huo ulikuwa Mombasa, mwaka 1844. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai mkewe Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf, naye mgonjwa, alibaki na kazi.

Hapa kitenzi kilikuwa katikati. Chukua sentensi Mtoto amemwona mama. Ukibadilishana majina, mwonaji naye amebadilika, maana viambishi a- na -m- vinamfaa yeyote kati yao. Lakini Kitabu mtoto amekisoma haimpotezi msikilizaji. -Ki- inamwonyesha kilichosomwa ni nini.

Wabaniani waliofanya biashara Mombasa walikuwa na lugha kama Kigujarati, ndugu ya Kihindi, na kitenzi chao kiko mwishoni pia. Katika Kihindi, Ram ne Sita ko dekha na Sita ko Ram ne dekha zote zasema Ram alimwona Sita. Majina yamehama, lakini ne bado inamtaja aliyeona, na ko aliyeonwa. Msisitizo tu ndio unaobadilika. Sisi wa Kalemie, tunaosema kitabu yangu nyumbani na kitabu changu darasani, jambo hili linatuhusu: upatanisho ukilegea, mpangilio wa maneno hubeba mzigo zaidi.

Rebmann alimfikia mwaka 1846, wakahamia Rabai. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kwa maoni yangu, daftari zake ndizo zilizozaa. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa Tübingen mwaka 1850. Miaka mitatu baadaye afya ilimrudisha Ulaya, akaishi Korntal, akiendelea na kamusi yake.

Alifariki huko tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi ilitoka London mwaka 1882.