Abul-Atahiya, Mshairi wa Zuhudi

Katika washairi wa Kiarabu waliowaidha watu juu ya dunia na mauti, ni wachache waliosikizwa na kila tabaka kama Abul-Atahiya. Jina lake khasa ni Ismail bin al-Qasim. Alizaliwa Ayn al-Tamr, katika Iraq, mwaka 130 wa Hijra (748), akakulia Kufa. Hakuwa na nasaba ya kujifakhiri kwayo. Katika ujana wake alikuwa akiuza mitungi. Wapokezi wamesimulia kuwa vijana walimwendea kusikiliza tungo zake, wakaziandika juu ya vigae.

Alipofika Baghdad alimsifu Khalifa al-Mahdi, akapata mali. Akamtungia mapenzi Utba, kijakazi wa jumba la Khalifa, wala asimpate. Kisha, katika zama za Harun al-Rashid, aliacha ghazali akashika zuhudi. Khalifa akamtaka arudie tungo za mapenzi. Alipokataa alitiwa gerezani.

Wengi katika washairi walipenda maneno mageni wapate kusifiwa na wajuzi wa lugha. Yeye aliona kuwa mawaidha hayafai kitu yasipofahamika na mtu wa sokoni. Kwa lugha nyepesi alitaja kaburi, majumba yaliyobaki magofu, na mfalme na maskini waliolazwa katika udongo mmoja.

Lakini wako waliomlaumu. Walisema kuwa yu bahili, ajilimbikia mali na huku awahimiza wenziwe waiache. Wengine walimtuhumu uzandiki, wakidai kuwa ataja mauti bila ya kutaja Pepo na Moto. Alifariki Baghdad katika ukhalifa wa al-Ma'mun, na maneno hayo hayakufa naye.

Nasi twasemaje? Yaliyomo moyoni ayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Ama neno la haki, halibatiliki kwa upungufu wa msemaji wake. Ndipo Ibn Abd al-Barr, mwanachuoni mkubwa wa hadithi wa Andalus aliyefariki mwaka 463 (1071), asione aibu kuzikusanya tungo zake za zuhudi zisipotee. Lakini yatupasa tuzingatie jambo moja: tuhuma ya ubahili imemfuata mtu huyu kwa zaidi ya miaka elfu, kwa sababu watu humsikiliza mwenye kuwaidha kwa masikio, kisha huutazama mkono wake. Basi atakaye kuwakataza wenziwe kuipenda dunia, na aanze na mkoba wake mwenyewe.