Sir Francis Burdett: Kabaila Mpigania Kura

Sir Francis Burdett alizaliwa mnamo mwaka wa 1770 katika ukoo wa makabaila wenye mashamba makubwa nchini Uingereza. Alisomea Oxford, akashuhudia miaka ya mwanzo ya Mapinduzi ya Ufaransa jijini Paris, na mwaka wa 1793 akamwoa Sophia, bintiye Thomas Coutts, mwenye benki mashuhuri wa London. Fedha za mkwewe ndizo zilizompatia kiti cha Boroughbridge bungeni mwaka wa 1796. Hapa pana kinaya, kwani viti vya kununuliwa namna hiyo ndivyo alivyokuja kuvipiga vita kwa zaidi ya miongo mitatu. Ikumbukwe kwamba wakati huo Old Sarum, mahame yasiyo na wakazi, ilikuwa na wabunge wawili, ilhali jiji la Manchester halikuwa na hata mmoja wake.

Mwaka wa 1810, Bunge lilimfunga John Gale Jones kwa bango lililowakosoa wabunge. Burdett, wakati huo mbunge wa Westminster, aliandika katika gazeti la William Cobbett kwamba Bunge halikuwa na mamlaka ya kumfunga raia. Wabunge wakaamuru naye apelekwe Mnara wa London. Alijifungia nyumbani kwake Piccadilly kwa siku kadhaa, umati ukimshangilia barabarani, hadi askari walipoingia kwa nguvu tarehe 9 Aprili.

Alipoachiliwa mwezi wa Juni, wafuasi wake walikuwa wameandaa maandamano makubwa ya kumlaki. Yeye akapanda mashua, akavuka Mto Thames kimyakimya. Huenda alihofia umwagikaji wa damu. Wengi hata hivyo walijiona wamesalitiwa. Kwa hakika, aliupigania umma bila kuwa tayari kutembea nao.

Barua yake ya kulaani mauaji ya Manchester ya mwaka wa 1819 ilimletea faini ya pauni 2,000 na kifungo cha miezi mitatu. Sheria ya Mageuzi ilipopita mwaka wa 1832, vibarua wengi walibaki bila kura, lakini Burdett alikuwa ameridhika. Mwaka wa 1837 alihamia upande wa Conservative, akawa mbunge wa North Wiltshire.

Sophia alifariki tarehe 13 Januari 1844. Burdett alisusia chakula, akafa siku kumi baadaye, na wote wawili wakazikwa siku moja huko Ramsbury.